Aliyeuangusha Mti wa Kanivali

Gilma Yaicate alijua anarudishwa kwao tangu alipoona cherehani yake inashushwa kwenye bajaji pale bandarini Iquitos. Watu wanakwenda kwao Requena siku tatu kucheza kanivali, halafu mume anabeba cherehani? Hata kipofu angeliona hilo. Gilma aliona, akanyamaza. Miaka kumi na tisa ya ndoa ilikuwa imemfundisha kunyamaza, na somo hilo alilifaulu kuliko yote.

"Nampelekea shemeji," Rusbel alisema bila kuulizwa. "Elita anataka kujifunza kushona."

Elita, mdogo wake Gilma, hakuwahi kushona hata kifungo.

Rusbel Canaquiri alikuwa fundi wa injini za boti, mtu wa maneno matamu na kucha nyeusi. Wote wawili ni watoto wa Requena. Alimchukua Gilma akiwa msichana wa kupara samaki gatini, akampeleka mjini, na kila Februari alimwahidi kumrudisha kwao kwa kanivali, na kila Februari injini ya mtu fulani ikaharibika. Gilma alishona sare za watoto wa wenzake. Wa kwake mmoja walimzika angali mchanga, wala hakupata mwingine. Mwaka huu ghafla Rusbel ana nafasi, ana nauli, ana tabasamu. Mwanamume akianza ukarimu uzeeni, mchunguze. Pale kwenye kibanda cha mafuta ya boti alikuwapo binti mmoja, na bandari nzima ilijua ni wa Rusbel; walidhani Gilma peke yake hajui, naye pia alikuwa anajua.

Kwenye boti alimpa Gilma kiti cha dirishani. Alimnunulia samaki wa kuchoma na ndizi, akamtolea miiba kwa vidole vyake. Hapo ndipo Gilma alipoogopa hasa, maana hakuwahi kutolewa miiba hata alipokuwa mgonjwa.

Nyumbani kwa Elita chumba cha nyuma kilikuwa kimefagiliwa. Ndani kulikuwa na kitanda cha mtu mmoja na chandarua kipya.

"Alikupigia simu lini?" Gilma alimuuliza mdogo wake jikoni.

"Dada, kula kwanza."

"Nimekuuliza kitu."

Elita aliendelea kumenya mihogo. "Kabla ya Krismasi. Alisema umechoka na mji."

"Na wewe ukakubali."

"Ningesemaje? Bati hili unaloliona juu ni yeye aliyeniezekea." Kisha akaongeza, kana kwamba anafariji, "Hapa utakuwa na chumba chako mwenyewe, dada. Wengine huachwa barabarani."

Damu ni nzito kuliko maji, husema watu. Hawakuwahi kuipima na bati.

Gilma hakulia. Alikuwa na jambo moja kichwani, na ni jambo ambalo mtu wa kwetu tu angeweza kuliamini. Siku ya kanivali tunasimamisha mchikichi katikati ya mtaa, tumeutundikia mabeseni, taulo, wanasesere na biskuti. Wanandoa wanauzunguka wakicheza, shoka linapita mkono kwa mkono, kila jozi inatema kidogo. Jozi itakayouangusha ndiyo itakayosimamisha mwingine mwaka unaofuata, mume na mke pamoja, mbele ya macho yote. Wapo wanaume wa Requena waliomdanganya padri, hakimu na mama zao wazazi. Mti wa kanivali hajaudanganya mtu. Anayeuangusha akakimbia, wajukuu zake hutaniwa.

Kwa hiyo alimvuta Rusbel kwenye duara.

"Taratibu, mke wangu," Rusbel alicheka shoka lilipowafikia. "Gusa tu, tupishe wengine."

Gilma hakugusa, alipiga. Alipiga kwa mikono ya mtu aliyekata vitambaa maisha yake yote, akapiga tena, na watu wakaanza kupiga makelele wakijua anachotaka. Rusbel alimshika kiuno kumrudisha nyuma. Akajinasua. Mti ukalia, ukainama juu ya paa la duka la mkate, ukaanguka, na watoto wakaurukia kama kuku kwenye mahindi.

Mzee Adelmo, mwenye mti wa mwaka ule, aliwapaka wote wawili matope ya mto usoni kama desturi inavyotaka.

"Haya, Canaquiri. Mwakani ni nani?"

Rusbel alimtazama Gilma, na chini ya matope yale macho yake yalikuwa ya mtu aliyekamatwa. Kisha akatabasamu, akainua mkono wa Gilma juu.

"Mimi na mke wangu," alisema. "Mti mrefu kuliko huu. Njooni na matumbo matupu."

Walimshangilia. Gilma alicheza mpaka viatu vikakatika, akamkumbatia hata Elita, akamsamehe lile bati. Alijiona ameshinda. Namhurumia kwa furaha ile kuliko kwa yote yaliyofuata.

Jumatano Rusbel alikwenda bandarini kukata tiketi mbili. Alipanda boti kwa moja. Gilma alingoja gatini, mkoba mapajani, mpaka wapakuzi walipomaliza kazi, na mmoja akamwambia, "Mama, leo hakuna tena." Hata hivyo hakukata tamaa. Mwaka mzima, kila aliyemcheka alimjibu jambo lilelile: atarudi, aliapa kwa mti, na aliapa na mimi.

Na kweli alirudi. Tumpe haki yake, hakuuvunja mwiko.

Alirudi Februari iliyofuata na mchikichi mrefu kuliko yote tuliyopata kuiona, mapipa ya pombe ya mihogo, wapiga ngoma wanne, na yule binti wa kibanda cha mafuta, tumbo limetangulia mbele. Watu walitazamana. Mzee Adelmo alikuna kidevu.

"Uliapa na mke wako, Canaquiri."

"Na huyu ni nani?" Rusbel alisema, akaliweka shoka la kwanza mkononi mwa binti. "Nilisema mke. Jina sikutaja."

Mtu mmoja akacheka, kisha wawili, kisha mtaa. Pombe ilikuwa nyingi na mti ulikuwa mzuri. Desturi imetimizwa, nani angeudhika? Mimi mwenyewe nilishika kikombe.

Gilma alikuwa mbele, amevaa gauni jipya, nywele amezisuka. Alikuja kuchukua nafasi yake kwenye duara, na alipomwona yule binti hakupata pa kurudi, kwa kuwa watu walikuwa wamejaa nyuma yake. Rusbel alimwona. Hakuona haya wala hakukasirika. Alimsogelea kwa adabu, adabu ileile ya samaki na miiba, akamgeukia binti.

"Msalimie shangazi," alisema.

Binti aliinama kidogo, kwa heshima ya kweli, maana njia nzima alikuwa ameambiwa kwamba Requena kuna shangazi wa kuamkiwa. "Shikamoo, shangazi."

Mji mzima ulikuwa unamtazama Gilma midomo. Naye, kwa kuwa alilelewa vizuri na salamu ya mtoto hairudishwi mikono mitupu, aliitika.

"Marahaba, mwanangu," alisema, na ngoma ikaanza.