Fuvu Langoni

Nakumbuka Jumapili tuliyompeleka mjomba wangu kuona tembo, mwanangu. Nilikuwa mke mchanga hapa Naviundu. Mjomba alikuwa amekuja kutoka Kasenga, alikouza samaki maisha yake yote. Kwa upande wa mama sisi ni ukoo wa Tembo. Mjomba aliapa kwa tembo, nyama yake hakuigusa, lakini tembo mwenyewe hakuwahi kumwona. Kuishi kwingi kuona mengi, wanasema, ila hilo moja lilikuwa limemkwepa. Kifua kilikuwa kinamsumbua, na alituomba hilo tu kabla hajafa.

Basi mume wangu akaazima gari, tukaenda kwenye loji moja nje ya mji, yenye pori lililozungushiwa waya. Wageni walikuwa wakila nyama choma, muziki juu. Tukaonyeshwa punda milia na swala. Mjomba aliwatazama kwa adabu tu, kisha akamgeukia mwongozaji.

"Na tembo iko wapi, mwana?"

"Haiko tena, papa. Ya mwisho ilikufwa. Kulibakia kichwa tu, pale kwa mulango."

Fuvu lilikuwa langoni, pembe zimeng'olewa, limepakwa vanishi, na wageni walikuwa wakipiga picha nalo. Mjomba akavua kofia, akaketi chini, akalia kilio cha msiba huku akitaja majina ya wazee wetu. Msiba wa kujitakia hauna kilio, lakini huu hakuutaka yeye.

Mume wangu akacheka. Usimhukumu haraka. Kama mkwe alipaswa kuinamisha kichwa, lakini ukoo wake na wetu ni watani, na kwetu mtani ana ruhusa ya kumcheka mfiwa hata mbele ya maiti. Tena alikuwa na mdomo, Mungu amrehemu.

"Mujomba, huyu njo mukubwa wenu? Meno aliuzisha akunywe pombe?"

Mjomba akafuta macho. "Mutani anacheka, ni haki yake. Lakini mwenye kucheka njo yeye anachimba kaburi. Weye ulicheka. Utachimba wapi?"

Mume wangu akaacha kucheka. Akaenda kumwomba meneja fuvu lizikwe, na meneja akakataa kwa upole, akisema wageni wanalipenda. Tulirudi nyumbani.

Mjomba alikufa kabla ya mvua. Kule Kasenga waombolezaji walimsubiri mume wangu aanze utani, wapate kupumua kidogo. Utani hakuuanza. Alichukua jembe akachimba peke yake mpaka viganja vikachubuka, na kila aliyetaka kumpokea alimkatalia. Nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi, na nilihuzunika mno.

Mwanangu, nasikia likizo hii mnakwenda loji na wenzako kuona wanyama. Nendeni. Ila waoneni kama mnavyomwona mgonjwa wa nyumbani: sauti chini, na muulize anahitaji nini. Mkikuta wachache, msipige picha mkaondoka. Anayecheka msibani bila kushika jembe si mtani, ni mpita njia.

Mungu akupe macho ya kuwaona wakiwa hai, na mikono ya kuwalinda. Wajukuu zako wakikuuliza tembo alikuwaje, akuepushe na kuwaonyesha mfupa. Amina.