Mwalimu wa "put off"

Mwalimu wetu wa Kiingereza hapa Kilwa Masoko hawezi kunywa chai bila kufundisha. Kila asubuhi hukaa kwenye benchi la Adija, muuza vitumbua wa stendi, akapuliza kikombe, kisha akainua kidole chenye vumbi la chaki, kana kwamba sisi madereva wa bodaboda tumelipa ada. Ukimjibu kwa Kiingereza, hata ukipatia, atasema tu, "Rudia!" Na wote tunajua kinachomleta pale si vitumbua. Tangu msimu wa korosho uliopita anamwahidi Adija kwamba atapeleka posa kijijini Rondo, kwa mjomba wa binti huyo. Mara barabara mbovu, mara mitihani, mara kanzu bado iko kwa fundi.

Juzi kidole kikapanda. "Leo ni 'put off'. Ukiahirisha jambo, ume-put off. Na mtu akikuchosha mpaka hamu naye ikakuisha, huyo ameku-put off. Neno moja, kazi mbili. Nani ana mfano?"

Sisi tukainamia vikombe. Adija akageuza kitumbua kwa kijiti chake, wala hakumtazama.

"Mwalimu, posa yangu ume-put off, ume-put off, mpaka na mimi umeni-put off."

Mwalimu alitafuta kosa la sarufi, nikamwona kabisa anavyolitafuta, akalikosa. Akafungua mdomo, na kwa mazoea likatoka lilelile: "Rudia!"

Adija akaweka kijiti chini, akashika kiuno, akarudia kwa sauti iliyosikika stendi nzima.