Kwenda Saa Tano, Kurudi Hawasemi

Shangazi alishuka kwenye basi la Dar akiwa na mkate wa zawadi na habari moja. Kuna familia Maskati, kule Omani, inatafuta msichana wa kazi za nyumbani, na yeye alikuwa ameshanitaja mimi.

Jioni tulikaa uani kwetu Isevya, hapa Tabora. Baba alipukuchua mahindi, mdogo wangu alisugua masufuria. Shangazi akanionyesha ramani kwenye simu, na mstari uliopinda kuvuka bahari.

"Hapa na Dar kwa ndege ni saa moja na nusu," alisema. "Dar na Maskati ni saa tano na kitu. Karibu tu. Mbona Sikonge hapo jirani, mvua ikinyesha, mnalala njiani?"

Hapo hakudanganya. Masika iliyopita mimi na baba tulilala njiani na baiskeli yetu na madumu ya asali.

Mimi si msemaji. Niliishia darasa la saba, na mbele ya wakubwa sauti hunipotea. Shangazi alilijua hilo, ndiyo maana alishaanza kunieleza nguo za kubeba.

"Na kurudi ni saa ngapi?" niliuliza.

"Ni hizo hizo, mwanangu. Ndege si ni ile ile?"

"Dada wa nyumba ya pili alikwenda kwa saa hizo hizo. Huu mwaka wa tatu. Pasipoti anayo bosi wake. Mama yake bado anamtandikia kitanda."

Baba aliacha kupukuchua.

"Kila mtu na bahati yake," alisema shangazi.

"Babu alitusimulia kwamba babu yake alibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka Bagamoyo. Alitembea miezi. Lakini alipotaka kurudi alirudi, miguu ilikuwa yake. Hakumwomba mtu karatasi."

Shangazi alimgeukia baba. "Mwone huyu, leo kapata mdomo. Basi atakwenda mdogo wake. Yeye ndiye mwenye akili."

Mdogo wangu alibaki na stilwaya mkononi. Nilisimama. Nikaingia kati ya shangazi na mdogo wangu.

"Huyu naye haendi."

"Unasema kama mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba amesikia," alisema baba, akachukua hindi jingine. "Hawaendi."

Keshokutwa yake, alfajiri, nilimbebea shangazi begi mpaka stendi. Aliniambia nitajuta. Nikamtakia safari njema, na nilimtakia kwa moyo.

Usiku alituma ujumbe kwenye simu ya baba. Amefika, ila miguu imevimba, mgongo hauinuki, Tabora ni mbali mno na mwaka huu hatatuona tena.

Baba alinipa simu nijibu. Mimi huandika polepole, herufi moja moja. Niliandika: "Pole sana shangazi. Kwa ndege ni saa moja na nusu tu."

Nikampa asome kwanza. Alisoma, akasoma tena, akanirudishia simu.

"Tuma," alisema.