Nilivyoizima chrome ya Corolla yangu, Bujumbura wakati wa vita

Wakuu, amani kwenu.

Nimeona kwenye uzi mwingine mnaulizana namna ya kugeuza chrome ya gari iwe nyeusi. Wengi mnataka urembo. Mimi niliifanya kwa sababu nyingine, na yote ninayoandika hapa yalinipata mwenyewe.

Ilikuwa Bujumbura, miaka ya vita. Nilikuwa mwalimu wa fizikia, nakaa Ngagara na mke wangu Espérance. Nilikuwa na Corolla ya zamani: bampa chrome, fremu za taa chrome, mpaka ukanda wa milangoni.

Mama yangu alibaki peke yake Muramvya, mguu unamsumbua. Tulitaka kumleta mjini. Barabara ya kule inapanda milimani, magari yanaenda kwa msafara na askari, na mara nyingine yanapigwa risasi kutoka juu.

Mwalimu mwenzangu akaniambia, "Iyo gari yako inawaka sana. Mutu akiwa ku kilima atakuona mbali."

Kweli? Mtu wa fizikia haamini hivi hivi.

Jumamosi mchana nikamwacha Espérance kwa shangazi yake Mutanga Nord, nyumba iko juu. Nikashuka, nikapita barabara ya chini mara tatu. Niliporudi akasema, "Gari sikuiona. Niliona kitu kama kioo inatembea."

Siku ile ile nikanunua spray nyeusi, nikapuliza. Siku ya nne nikaosha gari, rangi ikabanduka kama ganda la kitunguu!

Nikaenda kwa fundi mmoja wa Uvira, tukimwita Baba Furaha. Akacheka. "Mwalimu, chrome ni laini, rangi haina fasi ya kushika. Kwanza tuikwangue."

Alisugua kwa msasa na maji mpaka mng'ao ukafa. Akafuta mafuta yote, akapiga primer ya chuma, ile rangi ya msingi, akaiacha ikauke. Ndipo akaja na nyeusi isiyong'aa, mara mbili, nyepesi nyepesi. Wakuu, msiruke msasa.

Tukarudia jaribio letu. Espérance akaja ameshika kiuno.

"Chrome imepotea. Lakini kioo ya mbele inawaka vilevile."

Kioo cha mbele utakipakaje rangi?

"Basi twende tu," akasema. "Mama anangoja."

Msafara ulipita salama. Ni rangi au ni Mungu, mpaka leo sijui.

Tulipofika kwa mama, mlango ulikuwa wazi, maharage yako motoni, mtu hakuna. Tuliita mpaka sauti zikakauka. Nilianza kuwaza mabaya.

Karibu saa nzima ikapita, ndipo akatoka kwenye migomba, jirani amemshika mkono, magoti yamejaa udongo. Alikuwa ameona gari asilolijua, halina ile chrome aliyoizoea, likikata kona kuja kwake. Akakimbia, na ule mguu.

Akaniangalia, akaniambia kwa Kirundi, "Mwanangu, mbona umekuja kama wale wengine, wale wauaji, na gari lisilong'aa?"

Nilimbeba mpaka kwenye gari.

Nilipima nitakavyoonekana na adui. Sikuwaza hata kidogo nitakavyoonekana na mama. Ningetuma neno tu kupitia mtu wa msafara wa kabla yetu, asingekimbia.

Mguu ulichukua miezi kupona. Na muda wote aliokaa kwetu Ngagara, gari likisimama nje alichungulia dirishani kwanza, hata likiwa letu.

Nyie mliopaka chrome, mlitumia nini ikadumu? Na kama kuna aliyewahi kukimbiwa na mtu wake, aandike hapa, nitasoma.