Stelingi Anayenuka Machicha

Miaka minne iliyopita, mume wa Lamiat alichagua wiki mbaya ya kufa. Jioni ya tatu ya kusomewa sala hekaluni iliangukia siku ya kipindi cha mwisho cha tamthilia, na tamthilia huanza saa mbili na nusu. Lamiat alikaa mstari wa mbele, amevaa nyeusi, viganja vimekutana kifuani, na kila baada ya muda jicho lake lilipanda kwenye saa ya ukutani. Sisi wa nyuma tukapandisha macho pamoja naye. Nadhani hata watawa walikuwa na lao, maana siku ile sala zilikimbia kama zinafukuzwa na mbwa, na saa mbili na robo marehemu alikuwa ameshaombewa kila kitu. Saa mbili na nusu mjane alikuwa sebuleni kwake, bado na nguo za msiba, analia. Alikuwa anamlilia stelingi.

Namsema vibaya kwa sababu nampenda. Mimi ni Prayong, nauza wali na mchuzi hapa soko la Bang Khonthi, na meza yangu imepakana na ya Lamiat mwaka wa tisa sasa. Yeye anauza vitumbua vya nazi, vile vidogo vya chumvi na sukari pamoja, vyenye majani ya kitunguu juu. Ana miaka hamsini na saba, na watu huvuka mto kumfuata. Hilo analijua sana. Ukimsifia vitumbua anainua mkono wake wa kulia na kuutikisa kidogo, kana kwamba mkono wenyewe ndio unaopokea sifa.

Kuhusu tamthilia, mimi ni mtu wa kuzidharau, na sikosi hata kipindi kimoja. Mwaka huu ilikuwa ile ya shamba la farasi. Stelingi ana shamba kubwa huko kaskazini, ana hasira, ana nywele ambazo upepo haujawahi kuzigusa. Anaamini binti fulani ndiye aliyemuua kaka yake, basi anamteka, anamfungia shambani ateseke. Binti anateseka akiwa na wanja, analala na wanja, anaamka na wanja. Kuna na yule mwanamke mbaya mwenye kucha nyekundu ambaye kazi yake ni kusimama nyuma ya milango. Neno moja tu lingemaliza kesi yote, "Si mimi," lakini binti halisemi hadi kipindi cha kumi na tatu, kwa sababu kila akifungua mdomo mvua inanyesha.

Siku moja nilimuuliza Lamiat anapata nini humo.

"Dada, yule bwana ni mwizi wa watu. Angekuwa mtaani kwetu tungemwita polisi. We unamlilia nini?"

"Ah, wewe Prayong huna moyo, una kinu," akasema. "Huoni anavyomtazama?"

"Anamtazama kama anamdai."

"Anamtazama! Hilo tu. Mimi na marehemu Wichian tulikaa miaka thelathini na mmoja. Jogoo wake wa kupigana alikuwa anamtazama machoni, anampulizia maji usoni, anamkanda mapaja. Mimi akiniambia kitu, anauangalia mlango. Sitaki shamba mimi. Nataka kabla sijafa mtu anitazame hivyo mara moja, hata dakika mbili. Nicheke sasa."

Sikucheka. Nilikoroga mchuzi wangu ambao haukuhitaji kukorogwa.

Mkabala na meza zetu kuna kibanda cha nazi cha Bunlue. Mgane, miaka sitini na mmoja, minazi yake kumi na saba na mbwa kilema. Bunlue anakuna nazi kwa mashine, anakamua tui, na hasemi. Si kwamba ana kiburi; maneno yake yanatoka kwa shida, kama mtu anayevuta ndoo kwenye kisima kirefu. Kila alfajiri alivuka njia na sufuria la bati lenye ua la buluu, akaliweka mezani kwa Lamiat, akachukua lile tupu la jana, akarudi zake. Lamiat alikuwa anaangalia moto. Sisi wengine tulifuata tui wenyewe, tukapewa kwenye mfuko wa plastiki.

Mchana mmoja akaja kula kwangu. Akamaliza sahani mbili kabla ya kuvuta ndoo yake hadi juu.

"Prayong, Bi Lamiat anapenda wanaume wa namna gani?"

Nikajua. Na mimi, kwa mdomo wangu huu, nikaona pa kuchezea.

"Wakorofi, Kaka Bunlue. Angalia ile ya shamba la farasi, usome."

Kumbe kweli akaenda kusoma. Akaangalia vipindi vyote vilivyokwisha kutoka, kwenye simu, huku anakuna nazi. Baada ya siku nne akarudi ameandika mambo nyuma ya karatasi ya kalenda.

"Kwa hiyo kwanza namtukana?"

"Kwanza unamtukana."

"Halafu namshika mkono."

"Kwa nguvu."

"Akikataa je?"

"Lazima akatae. Ndipo mapenzi yanapoanza."

Natania mimi! Nilidhani mtu aliyechukua miaka minne kuuliza swali moja atachukua mingine minne kulifanyia kazi. Akaondoka na karatasi yake ameikunja vizuri mfukoni, nami nikacheka hadi nikaunguza wali.

Jumamosi iliyofuata, saa moja asubuhi, foleni ya Lamiat imefika hadi kwa muuza samaki. Bunlue alikuwa ameshaleta sufuria alfajiri kama kawaida. Sasa akatokea tena, mikono mitupu, shati limepigwa pasi, poda nyeupe shingoni. Akapita foleni yote, akamshika Lamiat kifundo cha mkono. Ule wa kulia.

"Wewe mwanamke!" akapaza sauti. "Una kiburi! Huendi popote!"

"Niende wapi na foleni hii?" akasema Lamiat.

Foleni ikaangua kicheko. Bunlue akameza mate. Nilimwona anatafuta mstari unaofuata kichwani, na mimi nikawa natafuta pa kujificha.

"Nitakufungia shambani kwangu!"

"Shamba lipi, la minazi kumi na saba na mbwa wa miguu mitatu? Niachie, unga unaganda!"

Hakuachia. Kwenye karatasi yake iliandikwa asiachie. Lamiat akamchapa vidole kwa kijiko cha moto, na alipoona watu wamepata burudani, mwanamke akapanda jukwaani. Akamtazama kuanzia miguuni.

"Kajiangalie kwenye kioo, Kaka Bunlue. Stelingi gani ananuka machicha?"

Soko zima lilicheka. Na mimi nilicheka, sikatai. Kisha nikamwona Bunlue anajifuta ile poda shingoni kwa kiganja, taratibu, kama mtoto aliyeambiwa ana uchafu. Akainama kidogo, viganja pamoja, kuomba radhi. Akarudi kibandani kwake akawasha mashine.

Jumapili alfajiri sufuria halikuja. Lile la Jumamosi lilibaki kwa Lamiat. Akasubiri, akanung'unika, akavuka njia mwenyewe, na Bunlue akampa mfuko wa plastiki kwa heshima zote, kama anavyotupa sote.

Vitumbua vya siku ile vililala. Sina neno lingine. Kitumbua cha Lamiat huinuka pembeni kikakauka, katikati kikabaki laini kinatetemeka. Hivi vilikaa kwenye chuma chake cha vishimo kama vifungo vya koti. Mwalimu mmoja, mteja wake wa miaka mingi, akatafuna kimoja, akauliza kwa upole, "Mama, leo unaumwa?"

Lamiat alilaumu gesi. Jumatatu akalaumu unga. Jumanne akasema mizimu ya soko imemkasirikia, akapeleka soda nyekundu tatu kwenye kijumba chao cha sadaka na kuzichomeka mirija ili wasipate taabu. Mizimu ikanywa, vitumbua vikalala vilevile. Jumatano foleni haikufika hata mezani kwangu. Akakaa kwenye kigoda, akauweka ule mkono mapajani, akaugeuza juu, akaugeuza chini.

"Umezeeka," akauambia.

Hapo ikanishinda.

"Dada Lamiat, si mkono. Ni tui."

"Tui limefanya nini? Si tui lilelile la wote?"

"La wote ni hili, maji meupe. Mwaka wa tisa nanunua haya maji. Wewe ulikuwa unapewa la kwanza. Huwa hapitishi kwenye mashine, anafika kabla ya saa kumi, anakamua kwa kitambaa kwa mikono yake, haongezi hata tone la maji. Halafu anakuletea kwenye sufuria la mama yake. Nikimwomba mimi ananiambia limekwisha. Nazi zote hizo, limekwisha!"

"Wewe ulikuwa unajua?"

"Soko zima linajua. Tulidhani na wewe unajua, unajifanya malkia tu."

Nikaona nimalizie na la kwangu, maana lilikuwa linanichoma: kwamba karatasi ile ya matusi ni mimi niliyemwelekeza. Nilitegemea kijiko. Hakunipiga. Alisema jambo baya zaidi.

"Kwa hiyo yule mtu aliangalia vipindi vyote kwa ajili yangu," akasema, "na mimi nikamfanya kichekesho cha soko."

Wanasema kimya kingi kina mshindo mkubwa. Kimya cha Bunlue kilikuwa na sufuria, kila alfajiri, na mwenzangu alikuwa anaangalia moto. Usiku ule alilala bila kula, hilo naliapia, kwa sababu chakula alichokiacha nilimpelekea mimi.

Alhamisi ikawa siku ya kipindi cha mwisho. Tulijazana kwa Lamiat wanawake kumi na mmoja, kwa vile runinga yake ndiyo kubwa. Nje mikomamanga yake ilibaki na mbu tu, mitaa yote ilikuwa mitupu. Mwizi angeweza kubeba daraja. Lamiat alikaa mahali pake pa siku zote, lakini amelipakata lile sufuria la ua la buluu, limesuguliwa hadi linang'aa.

Saa tatu na dakika ishirini stelingi akapiga magoti kwenye matope. Mvua, bila shaka. Akasema amekosea, akasema anampenda binti tangu siku ya kwanza, tangu siku ile alipomteka. Muziki ukapanda. Watu wakatoa leso. Mimi nilikuwa natafuna mbegu za maboga kwa sababu sijui cha kufanya na mikono yangu ninapotaka kulia.

"Vipindi kumi na tano," akasema Lamiat kwa sauti, "hajamletea hata kikombe cha maji."

"Shhh!" wakasema wote.

Akasimama, mbele ya skrini. Wanawake wakapiga yowe.

"Dada, toka hapo! Unaenda wapi?"

"Kurudisha sufuria la watu."

"Sasa hivi? Wanabusiana!"

"Wabusiane," akasema, akavaa kandambili zake, akatoka.

Rafiki wa kweli angeinuka amfuate. Mimi niliangalia mlango, nikaangalia runinga. Harusi ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, na mwenye kucha nyekundu alikuwa hajafungwa bado. Nilibaki. Kwa hiyo msiniulize walizungumza nini, sijui, na yeye hadi leo hasemi. Nilipomwuliza alinijibu, "Kaangalie marudio."

Ninachokijua ni cha Ijumaa asubuhi. Nilipofika, sufuria lilikuwa mezani kwake, limejaa tui zito, jeupe kama maua ya msiba. Na Bunlue alikuwa amekaa kwenye kigoda, kigoda changu, mikono magotini, shati lake lile la kazi lina machicha hadi kwenye kola. Hakutukana mtu wala kumshika mtu. Alikuwa anamtazama Lamiat anavyomimina unga, kishimo baada ya kishimo. Ng'ambo watu walikuwa wameanza kupiga kelele, mwenye nazi yuko wapi, jamani, tunachelewa.

"Kaka Bunlue, unaitwa," nikamwambia.

"Nasikia," akasema.

Lamiat alijifanya ana shughuli na mfuniko. Shingo yake ilikuwa imeiva.

"Unatazama nini?" akamwuliza, akiangalia moto.

"Wewe."

Basi akainua uso. Mwanamke ambaye tangu nimjue macho yake yako kwenye chuma akayaondoa kwenye chuma, akamtazama yule mzee, naye mzee akamtazama, na hakuna mvua iliyonyesha wala muziki uliopanda, ila mtu wa nazi akitukanwa na wateja wake. Sikuhesabu, lakini zilipita dakika mbili, kwa sababu nilisikia harufu. Chuma kizima kiliungua. Foleni iliona, ikasubiri. Mwalimu alinunua sita vilivyoungua, akasema anavipenda hivyohivyo.

Vilivyobaki nilivila mimi, nimewapa mgongo, nalia kama mjinga, mimi ambaye silii kwa tamthilia. Kisha nikavuka kwenda kuchukua tui langu, nikafungua mfuko, nikaonja. Maji.