Jemedari Tela na Watu Wake Wawili

Osea Simbeye alikuwa na uhakika na jambo moja tu maishani: mkoa mzima wa Songwe, toka kule Kamsamba kwenye joto mpaka Ihanda alikozaliwa, hakuna mtu anayejua kuchora misuli kama yeye. Na ni kweli. Shida ni kwamba alikuwa hajui kuchora kitu kingine. Ukimpa kazi ya bucha, anakuchorea ng'ombe mwenye kifua kama mbeba mizigo wa mpakani. Ukimpa saluni, wale wadada wa kwenye bango wana mabega ya kubebea jeneza. Kanisa moja pale Tunduma lilimpa ukuta achore malaika, akamchora na tumbo la matofali sita, liko wazi. Wazee wa kanisa wakakaa kikao siku mbili, wakaamua malaika avalishwe shati. Osea akamvalisha. Shati lenyewe likambana, kina mama wakaanza kuwahi viti vya mbele.

Mtu kama huyo akikutana na mtu wa maneno, lazima litokee jambo. Mtu wa maneno alikuwa Watson Silwimba, aliyeweka meza yake nje ya stesheneri karibu na mpaka, anawajazia madereva fomu na kuwaandikia barua. Watson alikuwa na mdomo. Dereva kachelewesha mzigo siku tano kwa sababu ya mwanamke, Watson anamwandikia barua ya kuomba radhi mpaka bosi anatoa machozi na kumuulizia huyo mwanamke hali yake. Lakini kuchora, hata yai lilimshinda.

Hapo ndipo alipozaliwa Jemedari Tela. Huyo ni dereva wa semi aliyekaa foleni ya mpakani muda mrefu mpaka nguvu za ajabu zikamwingia. Ananyanyua tela lenye tani thelathini za mbolea kwa mkono mmoja. Anaruka hewani. Joho lake ni turubai la lori, na kamba zake bado zinaning'inia. Watson aliandika, Osea akachora, wakatoa kopi, wakabana pini kikawa kijitabu cha katuni, wakaanza kutembea kando ya foleni kuelekea Mpemba. Watson mbele anapiga kelele za kuuza, Osea nyuma kabeba boksi, hakuna anayemtazama.

Dereva aliyekaa ndani ya lori siku nne atasoma hata maandishi ya kwenye gunia. Wakanunua. Wazambia nao wakanunua, na Kiswahili chenyewe wanakibahatisha. "Iwe, bamudala!" wanamwita Watson kutoka dirishani, maana yake wewe mzee. "Namba saba imetoka? Tela amefika wapi?"

Tela hakuwa amefika popote, na hiyo ndiyo ilikuwa siri ya biashara. Alipiga majambazi, alimwokoa utingo aliyesombwa na mto Momba, alibeba zizi zima la ng'ombe kutoka bondeni mpaka Vwawa bila kupumzika. Ila foleni hakuigusa. Siku moja Osea akauliza.

"Huyu mtu ananyanyua lori kwa kidole. Kwa nini asiyatoe tu yote barabarani?"

Watson alimwangalia kwa huruma. "Foleni ikiisha tutamuuzia nani?"

Namba kumi na mbili ndiyo iliyoleta ugomvi. Jalada lilitoka na herufi kubwa: MTUNZI WATSON SILWIMBA. Osea akageuza mbele, akageuza nyuma, akalikung'uta kama vile kuna karatasi imenasa ndani.

"Na mimi niko wapi?"

"Wewe si unaonekana?" Watson akasema. "Kila ukurasa kuna mchoro. Mwenye macho anajua kuna mtu kachora. Maneno yangu nisipoyawekea jina, watu watadhani Tela anaongea mwenyewe."

Osea alikuwa mtu wa kupata jibu siku ya tatu. Siku ya tatu ilifika na jibu halikuja. Akaamua kulipiza kwa kalamu: kuanzia namba kumi na tatu, kila jambazi aliyepigwa na Tela alikuwa na masikio ya Watson, yale makubwa ya kunasa habari mpaka Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Watson naye akajibu kwa silaha yake. Namba kumi na tano, Tela anasimama katikati ya mapigano, kipovu cha maneno kinamtoka mdomoni: "Samahani wasomaji, mkono wangu wa kushoto leo umekuwa mrefu. Aliyenichora hajala tangu asubuhi."

Wakaenda hivyo miaka sita, wanatukanana kupitia mtu asiyekuwepo. Madereva walifurahi kuliko wakati wowote.

Mwisho wakagawana. Watson akamchukua Clever, fundi wa kuandika namba za magari, akawa anachora Tela mwenye vidole kama mkungu wa ndizi. Osea akatoa chake, JEMEDARI TELA HALISI, jina lake mwenyewe limekula nusu ya jalada. Michoro ilikuwa moto. Maneno sasa. Ukurasa wa kwanza Tela anasema, "Twendeni." Wa pili, "Haya." Wa tatu mpaka wa saba anaruka kimya. Wa nane, baada ya kuangusha majambazi kumi na moja, anasema, "Nimemaliza."

Dereva mmoja anaitwa Ayoub alimrudishia palepale. "Kaka, huyu Tela wako vipi? Kafiwa?"

Halafu Watson akafariki. Presha, wiki moja tu. Osea alilia, hilo asinyimwe. Alipomaliza kulia akaanza kufikiria wasifu.

Maana msiba haujakamilika mpaka wasifu wa marehemu usomwe: kazaliwa lini, kasoma wapi, kafanya nini hapa duniani. Unasomwa kwa kipaza sauti na watu wote wanatulia, hata waliofuata wali. Osea alitaka kitu kimoja, jina lake lisikike mle ndani. Akamfuata Kefa, kaka yake marehemu, mzee wa kanisa.

"Kaka Kefa, pole sana. Msalaba niachie mimi, nitauandika kwa herufi za kivuli, sitaki hata asante. Ila kwenye wasifu, pale kwenye Tela, mseme tulikuwa wawili."

"Pale kwenye nini?"

"Tela. Jemedari."

Kefa akavua miwani, akaifuta taratibu. "Tutaliangalia, ndugu yangu."

Kwa lugha ya vikao hiyo maana yake ni hapana, lakini Osea hakuwahi kualikwa kwenye kikao chochote.

Siku ya mazishi Kefa alisoma kurasa nne. Ubatizo wa Watson ulikuwemo. Kipaimara kilikuwemo. Baiskeli ilikuwemo, ile aliyoshinda darasa la sita, na rangi yake ikatajwa. Osea alikuwa amekaa nyuma, msalaba katikati ya magoti, kopo la rangi nyeusi pembeni kwa ajili ya kurekebisha, midomo inacheza. Ukurasa wa nne, chini kabisa, Kefa akasema: "Katika uhai wake, marehemu pia alijishughulisha na biashara ndogondogo." Watu wakasimama, kwaya ikaanza.

Biashara ndogondogo! Osea alikuwa anadai nusu ya Tela, na sasa Tela mzima kafutwa. Kitu cha kwanza kumjia kichwani ni Watson angejibu nini hapo. Cha pili ni kwamba Watson yumo kwenye sanduku na hajibu.

Msalaba uliposimikwa, Osea akapiga magoti kama anayerekebisha herufi. Akachovya brashi. Chini ya tarehe akaandika JEMEDARI TELA. Watu wakaanza kunong'onezana. Akachovya tena: KAZI YA WATSON NA OSEA. Aliweka na kivuli, herufi moja baada ya nyingine, na kwaya nayo ikawa inazima sauti moja baada ya nyingine.

Shangazi Yudita ndiye aliyepiga kelele. "Jamani mzuieni! Anajiandika msalabani! Mtu mzima na akili zake anajizika!"

"Leteni tina ya kufutia rangi!" Kefa akafoka. "Futa hapo, Osea! Jina la mtu hai linakaaje kaburini?"

Nani anakuja makaburini na tina? Watu wakamgeukia mjane, Scola, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka. Scola akausoma msalaba mpaka mwisho bila haraka, kisha akamtazama Osea aliyejaa rangi mpaka kwenye viwiko.

"Muacheni shemeji," akasema. "Siku yake ikifika tutakuwa tumeokoa msalaba."

Mchungaji ikabidi ajikohoze ndani ya Biblia.

Mtu mmoja alikuwa ameshapiga picha. Ikaingia kwenye magrupu ya madereva, ikavuka Nakonde, ikafika Ndola, na kufikia Jumamosi foleni nzima inajua: waliomtengeneza Jemedari Tela wamekufa wote, kaburi moja. Wengine walisema ajali, wakataja na kona yenyewe. Shangazi yake Osea, Marita, alikuja kutoka Ihanda na kanga ya kulilia, akamkuta marehemu anakula ugali na maharage, akalia upya kwa hasira.

Osea akachukua kopi za zamani zilizobaki, akaenda kuziuza mwenyewe. Karibu na Mpemba dereva mmoja Mzambia, mzee wa makamo, akamshika mkono kupitia dirishani hataki kuuachia.

"Poleni sana. Huyu Osea... michoro ile! Ile misuli! Mwanangu, wewe ulimfahamu?"

Osea alifungua mdomo amwambie ukweli. Akaufunga. Tangu azaliwe hakuna mtu aliyewahi kulitaja jina lake kwa uchungu namna ile. Foleni ikasogea, malori ya nyuma yakapiga honi, na yeye bado kasimama. Akavua kofia.

"Nilimfahamu vizuri, bamudala. Alikuwa mtu mkubwa sana." Akashusha pumzi. "Yule mwingine alikuwa anamsaidia maneno tu."