Bingwa Aliyekalia Kiti cha Mpinzani

Ooko, kocha wa mume wangu, alimwona amepotewa na akili ulingoni na akamrudisha kupigwa. Naanza na hilo kwa sababu watu wa mtaa huu wakimsifu Mativo huwa hawafiki hapo.

Wao husimulia hivi. Raundi ya nne ilipoisha, Mativo hakurudi kwenye kona yake. Alienda kona ya mpinzani na kukalia kiti cha mpinzani. Ukumbi ukalipuka kwa kelele. Wakasema hakuna bingwa aliyewahi kuonyesha dharau tamu kama ile. Akashinda kwa pointi, akavishwa mkanda. Mimi nilikuwa nimekaa mbele. Nilimwona akiangalia miguu yake kama ya mtu mwingine. Tulipofika nyumbani aliniita kwa jina la mama yake, na mama yake tulikuwa tumeshamzika.

Sasa tunaishi mtaa wa Tena, hapa Nairobi. Simu yangu hailii, hutetemeka tu. Sufuria naziweka chini polepole. Chuma kikigonga chuma, Mativo husimama, kidevu kifuani, na aliye karibu naye ndiye mpinzani. Mara nyingi ni mimi. Nikiwaambia ndugu zake kwamba ngumi zilimharibu kichwa, hunijibu kuwa mwanamume aliyekalia kiti cha adui hawezi kuwa mgonjwa, labda mke ndiye mwenye mdomo. Sifa ile ndiyo imenifungia ndani naye.

Jumamosi watu wa ndondi walituita soshalo, ule ukumbi wa mtaa, wamheshimu. Nilimwomba Ooko kitu kimoja: kengele isigongwe. Akaniahidi.

Wakaanza kumpima na mabingwa wengine. Opicho, aliyepigana uzito mwepesi zamani, akabisha.

"Mikanda mitatu tu? Kuna waliochukua mitano!"

"Nyamaza, Opicho! Wewe ulichukua malaria pekee."

Watu wakacheka.

"Nitajie mwingine aliyekalia kiti cha mpinzani wake!"

"Hapo sawa," Opicho akasema. "Hapo hata mimi namvulia kofia."

Wakashangilia, na mtu mmoja huko nyuma, kwa furaha yake, akagonga kengele.

Mativo alisimama akanigeukia. Macho yale nayajua. Watu walipiga makofi wakidhani ni maigizo. Mkono wake wa kushoto ulipanda, nami nikafumba macho na kuuma meno niliyobaki nayo.

Ooko aliruka viti. Akamshika shingo kwa nyuma, akamwambia sikioni, "Ni mimi, Ooko. Uko kona yetu. Hapa ni Nairobi. Keti." Hakuyatafuta maneno hayo. Yalimtoka kama mtu anayesali. Mativo akaketi.

"Hayo maneno ulianza kumwambia lini?" nikamuuliza.

"Mama Kavinya, si hapa."

"Lini, Ooko?"

Aliangalia kulia na kushoto. "Baada ya raundi ya nne," akanong'ona. "Nilimtoa kwenye kile kiti nikamwambia hivyo. Lakini tulikuwa tunaongoza, mama. Ningetupa taulo pambano lisimamishwe, ungenisamehe?"

Ningemsamehe kabla hatujafika mlangoni. Kabla sijamjibu, alichukua maikrofoni akatangaza kwamba bingwa amewaonjesha mchezo kidogo. Ukumbi ukashangilia tena, na shemeji yangu akashangilia nao.

Nikiulizwa Mativo alikuwa mkubwa kiasi gani, nasema alikuwa mkubwa kweli, hadi mwisho wa raundi ile ya nne. Aliyepigana zilizobaki simjui, na ndiye ninayelala naye nikiwa nimebana mgongo ukutani. Ooko ananidai ukimya, na mimi simpi. Yeye ndiye mwenye deni: asimame pale soshalo, mbele ya Opicho na shemeji zangu na wote waliopiga makofi, aseme kwa sauti alichoninong'oneza. Tangu Jumamosi hajapita mlangoni kwangu.